Tulivyokichangia Kichwa cha Treni

Duka langu la vitenge liko njia ya kushuka stesheni, hapa Mpanda mjini, na kila nilipokwenda kupokea mizigo nilikuwa nakiona kile kichwa cha treni cha zamani. Kilikuwa kwenye reli ya pembeni, nyuma ya maghala, nyasi zimekifika kiunoni. Watu walikiita "kile cheusi", ingawa rangi nyeusi yenyewe ilishabanduka zamani ikabaki kutu. Mbuzi walijikinga jua chini yake. Waliokuwepo walisema enzi za mgodi wa madini ya risasi ndicho kilichokuwa kikivuta mabehewa ya mawe, kabla injini za dizeli hazijachukua kazi yote. Mimi sikuwa na habari nacho. Kwangu kilikuwa sehemu ya ile takataka kubwa ambayo haiwezi kuondolewa, basi mtu unaizoea.

Aliyenitia kwenye jambo hili ni mwalimu wa fizikia wa sekondari, binti mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye nilikuwa namfahamu kama mteja tu. Alikuja dukani siku moja baada ya masomo, akaniamkia, akabaki amesimama.

"Marahaba mwalimu. Umekuja kuchukua kile kitenge chako?"

"Hapana, mama. Nimekuja kukuomba ukaombe."

Nilicheka. Lakini nilimwelewa. Mtaani kwetu Kawajense, mtu akifiwa au akiozesha, mimi ndiye ninayezunguka na bakuli. Sijui nani alinipa kazi hiyo. Nilizunguka mara ya kwanza kwa ajili ya jirani, nikarudi na bakuli limejaa, na tangu hapo watu wakaona ndiyo karama yangu.

"Nani amefariki?" nikamuuliza.

"Hajafa mtu. Ni kile kichwa cha treni. Wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja kukipima. Wenye reli wamesema tukiweza kukitengeneza watatuachia, ilimradi kisitoke kwenye ile njia ya pembeni."

"Kukitengeneza ili kiweje?"

"Kiende, mama."

Niliagiza mtu anishikie duka nikamfuata, zaidi kwa sababu ya kumstahi kuliko kitu kingine. Tulipenya nyasi, tukapanda ngazi ya chuma, tukaingia pale dereva alipokuwa akisimama. Akafungua kimlango cha tanuru kwa kukivuta kwa mikono miwili, kikalia kama kinateswa.

"Ingiza kichwa uangalie."

Nikainama. Alimulika kwa simu yake. Ukuta wa mbele wa tanuru ulikuwa umetobolewa matundu mengi ya duara, yamepangwa karibu karibu, safu juu ya safu, kama sega la nyuki. Mama yangu alikuwa Mkonongo, kabila la warina asali, nimekua nikiona masega yakitolewa kwenye mizinga; sikutarajia kuona sega la chuma. Mwalimu akaniambia moto unapita ndani ya hayo matundu, ambayo ni mabomba marefu, na maji yanayazunguka kwa nje. Maji yanachemka, mvuke unakosa pa kwenda, ndipo unasukuma magurudumu.

"Mvuke tu?"

"Mvuke huo huo unaoinua kifuniko cha sufuria yako ya maharage."

Nilitoa kichwa mle ndani nikaangalia magurudumu yale, kila moja likinifika kifuani, na ule mtaimbo mzito uliokuwa ukiyaunganisha. Maisha yangu yote nimepika maharage. Nilijisikia kama mtu aliyekaa na jirani miaka mingi, halafu akaambiwa kwamba jirani huyo huwa anaruka angani. Niliporudi dukani nilikata kitenge vibaya, mteja akanigombeza.

Nikaanza kuzunguka. Kuombea msiba ni rahisi, kwa sababu kila mtu anajua kuna siku yake. Kuombea chuma ni kazi nyingine. Muuza nyama mmoja pale sokoni, mtu mkubwa wa mwili na wa maneno, alinisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea gogo lake la kukatia, kisha akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote:

"Nyie siku hizi mnachangia na maiti za chuma? Njia ya mtaani kwetu haipitiki, mama, nyie mnakwenda kufufua kutu!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao maana alikuwa na haki yake. Nikamwambia, "Njoo uchungulie tu." Hakuja, ila wengine walikuja, na hivyo ndivyo nilivyopata namna ya kuomba. Sikuhubiri tena. Niliwachukua wafanyabiashara wenzangu, mmoja mmoja au wawili wawili, nikawapandisha ile ngazi, nikawaambia wainame. Mzee wa duka la nafaka aliinama na kanzu yake nyeupe, akakaa humo muda mrefu, akatoka na masizi kwenye paji la uso. Alisema "Subhanallah" mara moja tu, akashuka. Jioni alituma mchango wake.

Tulipopata cha kuanzia, mwalimu alimleta fundi kutoka Tabora. Alikuwa mstaafu wa karakana za reli, mtu wa majigambo, anayevaa shati jeupe hata kazini na anayetaka chai yake iwe na sukari ya kumwaga. Alikizunguka kichwa kile akikipiga kwa nyundo ndogo, anasikiliza, anapiga tena. Alisema mwili wa boila, lile pipa kubwa la kuchemshia maji, ni mzima na kwamba mtu mwingine yeyote nchi hii asingeweza kutuambia hivyo. Tukafyeka nyasi. Vijana wa bodaboda wakasugua kutu kwa brashi za waya. Kisha fundi akajaza boila maji ya baridi, akaunganisha pampu ya mkono, akaanza kuyasukuma ili kuona kama mabomba yatahimili.

Hayakuhimili. Kwanza tulisikia mchirizo, halafu maji yakaanza kutoka kwenye lile sega la nyuki, tundu hili, tundu lile, mpaka tanuru zima likawa linanyesha. Fundi aliacha pampu. Kwa mara ya kwanza hakujigamba.

"Yamekwisha," alisema. "Yote. Ukiwasha moto humu unazika watu. Lazima yatolewe yote na kuwekwa mapya, na mapya hayapatikani dukani, yanakatwa kwa kuagizwa."

Fedha tuliyokuwa nayo ilikuwa imeshaishia kwenye nauli yake, brashi na grisi. Mwalimu alikaa kwenye reli, miguu kwenye mawe, akiangalia maji yakitiririka kwenda nyasini. Nilikaa karibu yake. Nilitaka kumwambia tuache, na nadhani alikuwa anasubiri nimwambie. Lakini kila nilipofungua mdomo niliona yale magurudumu mbele yangu.

Nina mteja Mishamo, mama mmoja anayechukua vitenge kwangu na kwenda kuviuza kule. Alipokuja kuchukua mzigo nilimsimulia mkasa wetu, kwa kulalamika tu. Akasimama na kitenge mkononi.

"Njoo ukamwambie mama yangu habari hiyo," alisema. "Njoo na huyo mwalimu."

Tukaenda. Njia ni ndefu na vumbi jekundu liliingia mpaka kwenye meno. Mishamo ni nchi ya mahindi, maharage na mihogo, na ya baiskeli. Watu wake walikuja kama wakimbizi kutoka Burundi na wengi sasa ni raia wenzetu. Mteja wangu alikuwa ametangaza, tukakuta watu wamekaa kwenye uwanja wa shule wakitusubiri. Mwalimu aliwaonyesha picha kwenye simu, ikapita mkono kwa mkono. Ilipomfikia mama yake mteja wangu, bibi aliyejifunga shuka begani, aliishika karibu na macho. Kisha akazungumza Kirundi, na binti yake akatutafsiria, lakini mwishoni bibi mwenyewe akahamia Kiswahili.

Alisema walikimbia akiwa mtoto mdogo. Walivuka mpaka wa nchi, wakakaa, wakapakiwa kwenye treni. Hakuwa ameona treni maisha yake yote. Aliposikia ile pumzi na kuona moshi, alidhani ni mnyama na kwamba wanapelekwa kuliwa naye. Mama yake alimfunika uso kwa kitambaa. Walikuwa na kitoto kichanga, na maziwa ya mama yalikuwa yamekauka njiani.

"Kikasimama mahali, sijui wapi, porini," alisema. "Mama akashuka na kopo la unga kidogo. Hana moto. Hana maji. Yule mtu wa mbele, mweusi kwa masizi, akamwona. Akamwita kwa mkono. Mama anaogopa, anakwenda. Akafungua bomba, yakatoka maji yanachemka. Yametoka tumboni mwa kile kitu! Mama akakoroga uji pale pale, kwenye kopo. Kitoto kikanywa." Akanirudishia simu. "Uji wa kwanza wa nchi hii tulipikiwa na hicho. Au na ndugu yake, mwana wanje, mwanangu, siwezi kujua."

Mwanaume wa makamo aliyekuwa amekaa nyuma ya bibi alikuwa ameinamisha kichwa, na bibi akamwekea mkono begani. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa ndiye kile kitoto.

Sikuomba. Sikuhitaji kufungua mdomo. Watu waliondoka wakarudi na walichokuwa nacho: mahindi kwenye sinia, kwenye ndoo, gunia zima kwenye baiskeli, maharage kwenye kofia. Mihogo mikavu ililundikwa pembeni. Mwenye lori aliyekuwa akija Mpanda alikubali kubeba bure. Njiani kurudi mwalimu alilia, si kwa huzuni, alilia tu huku akiangalia nje, nami nikamwacha alie.

Mahindi yale yalitusogeza, lakini hayakutosha. Tukazunguka vijiji vingine, tukafika Kasekese. Huko tulielekezwa kwa mfugaji mmoja, Msukuma aliyehama kutoka kanda ya ziwa na ng'ombe wake, mtu mrefu, mpole, mwenye fimbo aliyoipitisha nyuma ya shingo na kuning'iniza mikono juu yake. Alinisikiliza bila kutingisha kichwa.

"Mayu," aliniita hivyo, yaani mama, "hicho kinakula nini?"

"Kuni."

"Kinakunywa?"

"Kinakunywa maji sana."

"Kinalima?"

"Hakilimi."

Akafikiri. "Sasa kina faida gani?"

Mwalimu alianza kueleza mambo ya wanafunzi na wageni. Nikamkatisha, nikasimulia uji wa yule bibi, neno kwa neno kama nilivyousikia. Mfugaji aliangalia ng'ombe wake muda mrefu. Akatukaribisha maziwa, tukanywa, akatuaga. Tulirudi Mpanda mikono mitupu na nikamwambia mwalimu kwamba mtu hawezi kushinda kila mahali.

Siku ya mnada wa ng'ombe yule mfugaji akatokea. Alikuwa ametembea na dume jeupe lenye pembe pana kiasi kwamba watu waliliachia njia. Alilifikisha katikati, akamwambia mnadishaji, "Huyu ni wa kile kichwa cha treni."

Nilikuwa nimesimama kando na kanga yangu kichwani kwa ajili ya jua. Mnadishaji alianza, bei ikapanda, na aliyelichukua alikuwa nani? Yule muuza nyama mwenye maneno. Alilipa mbele ya watu, akalizunguka lile dume akilipapasa mbavu kama anayepima steki. Nikajua limekwisha. Kisha akageuka.

"Mrudishe," alimwambia mnadishaji. "Muuze tena."

Watu hawakuelewa. Akarudia kwa ukali, "Nasema muuze tena! Ng'ombe ni wa treni!"

Akauzwa tena. Mzee wa nafaka akamnunua, akamrudisha. Vijana wa bodaboda wakachangishana pale pale kwenye kofia ya pikipiki, wakamnunua, wakapiga naye picha, wakamrudisha. Wanawake wa sokoni wakaungana, wakamnunua kwa vigelegele. Wafugaji wenzake wakaingia, sasa ikawa ni heshima, hakuna anayekubali kupitwa. Mnadishaji sauti ilimkauka, akaletewa maji. Dume lenyewe limesimama katikati ya vumbi linacheua, halijui kwamba linauzwa na kuuzwa na halitoki pale. Mimi nimekaa na michango ya watu maisha yangu yote, nimeona watu wakitoa kwa aibu, kwa dini, kwa mazoea. Sikuwahi kuona watu wakigombania kutoa. Nikakaa chini kwenye vumbi na nguo zangu nzuri.

Jua lilipoinama, aliyelinunua mwisho alimpelekea mfugaji kamba. Akakataa kuishika.

"Nimeshatoa," alisema. "Nikirudi naye nyumbani nitamwambia nini mke wangu? Siku mkiwasha, mchinjeni, watu wale nyama."

Mabomba yaliagizwa. Yalikuja kwa treni, na hilo lilimfurahisha fundi kupita kiasi. Alikuwa na vijana wawili wa kuchomelea aliowafokea kutwa na kuwasifu wasipokuwepo. Bomba baada ya bomba liliingia, lile sega likajaa tena. Alijaza maji ya baridi na kusukuma, nasi wote tukachungulia kwenye tanuru. Halikudondoka hata tone. Alijigamba mpaka tukamwomba anyamaze, na mkaguzi wa boila aliyeletwa baadaye naye akaridhika.

Siku ya kuwasha, moto uliwekwa alfajiri, mdogo sana, wa vijiti. Fundi alisema chuma kilicholala namna ile hakiamshwi kwa pupa. Watu walianza kuja asubuhi. Walikuja wa Kawajense, wa vijijini, wa Mishamo kwa lori, bibi amekalishwa mbele kwa dereva. Nyama ilikuwa inachemka kwenye masufuria makubwa. Hapo ndipo tulipopata habari kwamba gari la maji tulilokodi limekwama njiani, na tangi la kichwa kile lilikuwa bado tupu. Fundi alishika kiuno. Boila lilikuwa na maji ya kuanzia tu. Bila maji ya tangi, alisema, ingebidi moto uzimwe.

Sijui aliyeanza. Niliona mwanamke mmoja anakuja kutoka upande wa makazi na ndoo kichwani, halafu mwingine, halafu njia nzima ikawa ndoo. Nilikimbia nyumbani nikachota yangu. Tulipanga mstari mpaka kwenye ngazi, ndoo zinapanda zimejaa, zinashuka tupu, kanga zimelowa, watu wanaimba. Kina mama wa kanisani wanaimba zao, sisi tunaitikia, na hakuna aliyejali nani ni nani. Tangi lilijaa mpaka likamwagika.

Kisha kile kichwa kikaanza kutoa sauti. Kwanza ilikuwa mlio mdogo, kama birika. Halafu chuma kikawa kinagonga ndani kwa ndani, na matone ya maji yakatoka chini ya magurudumu, na joto likatufukuza hatua kwa hatua. Mshale wa geji ya mvuke ulikuwa unapanda polepole. Fundi alimwita mwalimu apande, akamshikisha wenzo wa kuendeshea, akaweka mkono wake juu ya wa mwalimu.

Filimbi ililia. Nimeshindwa kuieleza kwa watu ambao hawakuwepo. Haikuwa honi. Ilikuwa sauti ya kitu chenye mapafu, ikapita juu ya mabati ya mji wote, na kunguru wakaruka kutoka kwenye miti yote kwa pamoja. Yule muuza nyama alishika kichwa chake kwa mikono miwili. Bibi wa Mishamo alikuwa amesimama, ameegemea yule mwanaume, na hakufunikwa uso na mtu.

Kikapiga pumzi moja kubwa, nyeupe. Ule mtaimbo ukasogea. Magurudumu yale, niliyoyaona yamezama kwenye nyasi miaka yote, yakazunguka. Kilikwenda taratibu, mtu angeweza kutembea nacho, na wengi walitembea nacho, mkono hewani pembeni yake bila kukigusa. Kilifika mwisho wa reli yetu ya pembeni, kikasimama, kikarudi. Mfugaji alinijia, fimbo shingoni.

"Mayu," alisema, "kina nguvu."

Tulikula, tukashukuru, watu wakatawanyika kabla ya magharibi. Siku hizi kimejengewa paa la mabati, na kinawashwa mara chache kwa mwaka, tunapopata kuni na fundi anapopata nafasi ya kuja kujigamba. Mwalimu huleta madarasa yake, na shule nyingine zimeanza kuja.

Ila kesho yake, baada ya ile siku ya kuwasha, ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nilikwenda peke yangu asubuhi, kabla ya kufungua duka. Moto ulikuwa umeshatolewa tangu jana yake, majivu yamezolewa, hapakuwa na mtu. Nilikaribia nikaweka kiganja changu kwenye ubavu wa boila. Lilikuwa bado la moto, moto mtulivu, kama mwili wa mtu aliyelala. Nikaweka na kiganja cha pili. Nilikaa hivyo mpaka nikasikia wateja wakiniita njiani.